Barua ya wazi kwa walimu tarajali wa Nyanda za Juu Kusini: lisikilizeni jibu lisilo sahihi

Wanangu wa Mpuguso, Tukuyu, Tandala, Kleruu na vyuo vingine vya ualimu vya ukanda wetu,

Nawasalimu kwa heshima inayowastahili watu walioamua kuishika kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Vijana wawili watatu wa hapa Tukuyu wameniletea rasimu za falsafa zao kuhusu namna mtoto anavyojifunza vizuri zaidi, ambazo wametakiwa kuziandika kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha. Rasimu hizo zimeandikwa kwa bidii na zimejaa mbinu shirikishi, ujenzi wa umahiri na mwanafunzi kuwa kitovu cha somo, lakini nilipozimaliza sikuweza kujua mwandishi atafanya nini siku mtoto wa darasa la tatu atakaposimama na kujibu visivyo mbele ya wenzake. Kwangu mimi falsafa ya mwalimu hujulikana hapo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Chukueni hesabu ya 52 kutoa 27. Katika madarasa ya chini hamtakosa mtoto aliyeandika 35. Mwalimu mwenye haraka atatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kupita. Mwiteni mtoto huyo, mwombeni aeleze alivyofanya, naye atawaambia bila kusita: saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu. Hakubahatisha. Anafuata kanuni kwamba namba ndogo ndiyo hutolewa katika namba kubwa, na kanuni hiyo aliipata kwetu sisi walimu, tulipomwambia darasa la kwanza kwamba mbili haiwezi kutoa saba. Kumrudishia daftari na kumwamuru afanye tena ni kumwamuru airudie kanuni ile ile kwa juhudi zaidi. Mpeni mafungu matano ya vijiti kumikumi na vijiti viwili pembeni, mwambieni atoe ishirini na saba, kisha nyamazeni. Atatoa vile viwili, atasita, atawatazama usoni, na hapo msimsaidie upesi, kwa maana wakati ule anaposita ndipo anapojifunza. Akilifungua fungu moja kwa mikono yake mwenyewe, maneno ya kukopa na kubeba mtakayoyaandika ubaoni baadaye yatakuwa na kitu cha kushikilia.

Katika saikolojia mnamkariri Jean Piaget kwa hatua zake nne za ukuaji, kwa kuwa hizo ndizo huulizwa kwenye mtihani. Ningependa mjue zaidi alivyoanza. Karibu na mwaka 1920, akiwa kijana mjini Paris, Mswisi huyo alipewa kazi ya kuwapima watoto kwa maswali ya kupima akili, na kilichotakiwa ni majibu sahihi. Yeye akavutwa na majibu yaliyokosewa, kwa kuwa aliona watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna inayofanana, akaanza kuzungumza nao na kuwauliza wamefikaje hapo. Sehemu kubwa ya yale mnayosoma leo chini ya jina lake ilichipuka katika mazungumzo hayo.

Sasa mfuateni mtoto yule yule wa 35 siku ya gulio Kiwira, anakomsaidia mama yake kuuza ndizi. Mteja akichukua za shilingi 2,700 na kutoa noti ya 5,000, mtoto atamrudishia 2,300 papo hapo, kwa sababu anahesabu kwa kupanda: mia tatu kufika elfu tatu, kisha elfu mbili kufika elfu tano. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha waliyoyaona kwa watoto wachuuzi watano wa Recife, nchini Brazili. Walipoulizwa wakiwa katika biashara yao, watoto hao walipata takriban asilimia 98 ya maswali; hesabu za namba hizo hizo zilipoletwa kwa mtindo wa shule zikiwa namba tupu, walipata takriban asilimia 37. Tukikumbuka hayo, neno la kwamba fulani hana kichwa cha hesabu halipaswi kutoka kinywani mwa mwalimu. Mwombeni aje ubaoni aoneshe anavyorudisha chenji, muiandike njia yake jinsi ilivyo, kisha muiweke kando ya njia ya kitabu ili darasa zima lizione zote mbili.

Katika lugha mambo ni hayo hayo. Wengi mtakaowapokea vijijini wanaingia shule wakiwa na Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena au Kikinga, na Kiswahili wanakipata pamoja na kusoma kwenyewe. Anayeandika karamu akikusudia kalamu anaandika anavyosikia. Msimcheke, wala msiruhusu wenzake wamcheke.

Kuhusu fimbo nitasema waziwazi. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne, tena kwa utovu mkubwa wa nidhamu, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa kibali naye. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule zimjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini, na miaka yote niliyokaa darasani sikuona udadisi ukiota mahali ambapo jibu lisilo sahihi linalipwa kwa fimbo. Nilichoona ni watoto wanaojifunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza humwezi, kwa kuwa hujui anafikiri nini.

Mtaniambia kwamba darasa lina watoto tisini na kipindi ni dakika arobaini. Ni hoja ya haki, na upungufu wa walimu si mzigo wa kubebeshwa mwalimu kijana peke yake. Usemeni kila mnapopata nafasi. Hata hivyo hamhitaji kuwasikiliza wote tisini kwa siku moja. Kusanyeni madaftari ya safu moja kila siku, myasome mkitafuta kosa linalojirudia, na kesho yake muanze somo kwa kosa hilo bila kumtaja mwenyewe. Wawekeni wawiliwawili, kila mmoja amweleze mwenzake alivyofikia jibu, nanyi mpite katikati ya madawati mkisikiliza tu. Kwenye andalio la somo, kabla ya zana na hatua, andikeni kosa moja mnalolitarajia siku hiyo na swali mtakalomuuliza atakayelifanya. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na ndiyo sehemu ya andalio ambayo mimi ningeikagua kwanza.

Zile falsafa zenu ziandikeni upya mkirudi kutoka mazoezini. Anzeni na jibu moja lisilo sahihi mlilolisikia kwa masikio yenu, mseme mtoto alijibu nini, alikuwa akifikiri nini, na nyinyi mlifanya nini baada ya hapo. Walio jirani na Tukuyu waniletee nyumbani. Nitazisoma zote na kuwaandikia maoni pembeni.

Mama yenu katika ualimu,
Mwalimu mstaafu, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe