Bibi wa Bahari wa Wachina si jini, wala siku yake si Machi 23

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tusahihishe maelezo yanayosikika hapa Bagamoyo wageni wanapopelekwa Kaole kutazama makaburi yaliyokuwa yamepachikwa mabakuli ya kauri kutoka China. Huambiwa kwamba mabakuli yale yaliletwa na manahodha wa Kichina walioabudu "jini la bahari", na kwamba jini hilo hufanyiwa sherehe kila Machi 23. Karibu kila neno hapo lina kasoro.

Anayesemwa ni Mazu. Hilo ni jina la heshima, mfano wa sisi tunavyosema Bibi. Jina lake la kuzaliwa ni Lin Mo, na Mo maana yake ni kimya, kwa kuwa husimuliwa kwamba hakulia alipozaliwa. Mapokeo yanasema alizaliwa mwaka 960 katika kisiwa cha Meizhou, jimbo la Fujian, akafariki mwaka 987 akiwa bado kijana. Kwa hiyo ni binadamu aliyekufa, akaanza kuombwa na wavuvi wa kwao, kisha serikali ikampandisha cheo hatua kwa hatua. Mwaka 1123, baada ya mjumbe wa mfalme kuokoka dhoruba akielekea Korea, hekalu lake lilipewa kibao cha kifalme. Mwaka 1281 akaitwa Mke wa Mbinguni, na baadaye, chini ya ukoo wa Qing, Malkia wa Mbinguni. Jini hapandishwi cheo na ofisi ya mfalme.

Kosa la tarehe linatokana na kutafsiri haraka. Siku yake ni ya 23 katika mwezi wa tatu wa Kichina, si wa Kizungu. Mwezi wa Kichina huanza siku ya mwezi mpya, karibu kama wetu wa Kiislamu, ila wao huongeza mwezi mzima wa kumi na tatu mara 7 katika kila miaka 19. Ndiyo maana Maulidi huzunguka misimu yote, lakini sikukuu ya Mazu hubaki Aprili au Mei: mwaka 2024 iliangukia Mei 1, mwaka 2025 Aprili 20. Mabaharia wa pwani hii wanapaswa kulielewa hili upesi, maana wazee wao nao walihesabu miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kwa sababu pepo za kaskazi na kusi hazifuati miezi ya mwandamo.

Ibada yenyewe ndiyo inayostahili kuelezwa kwa makini. Hekalu jipya halianzi na matofali. Huanza na majivu. Sanamu hupitishwa juu ya moshi wa chetezo cha hekalu mama, majivu ya udi huchotwa humo, husafirishwa na kumwagwa katika chetezo kipya, kama mtu aombavyo kaa la moto kwa jirani. Baada ya hapo hekalu changa hurudi kwa mama yake kila baada ya muda kuhuisha majivu. Lisiporudi, huonekana limepungukiwa nguvu. Msafara wa Dajia huko Taiwan, wa siku 9 na zaidi ya kilomita 300, hubeba sanamu kwa machela, na watu hulala chini barabarani ili machela yapite juu yao kuwaletea baraka.

Maamuzi hufanywa kwa vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine mbinuko. Muulizaji hupiga magoti, hutaja jina lake, huuliza swali moja tu, kisha huviachia vianguke. Kimoja kikionyesha bapa na kingine mbinuko, jibu ni ndiyo. Vyote vikionyesha mbinuko, ni hapana. Vyote bapa, Mazu amecheka: swali halikueleweka, liulizwe upya. Kwa jambo zito hutakiwa "ndiyo" tatu mfululizo. Anayechanganya mambo mawili katika swali moja hajui amejibiwa lipi, na hilo ndilo kosa la wageni wengi.

Kuhusu meli za Kichina: zile zilizoongozwa na Zheng He, amiri wa China wa karne ya 15 ambaye alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu, zilisafiri chini ya ulinzi wa Mazu. Jiwe la maandishi lililosimikwa Changle, Fujian, mwaka 1431 linamshukuru kwa nuru iliyotokea juu ya mlingoti wakati wa tufani, nalo linataja Mogadishu. Kumbukumbu za China zinataja pia Barawa na Malindi. Kaole haimo. Kauri nyingi zilifika kwetu kwa kupokezana, kutoka bandari kama Quanzhou ya Fujian, ambayo Waarabu waliiita Zaitun, hadi India na Uarabuni, kisha kwa majahazi ya kaskazi. Quanzhou hiyo ina hekalu la Mazu la mwaka 1196 na msikiti wa mwaka 1009, na vyote viwili vimo katika Urithi wa Dunia tangu 2021.

UNESCO iliposajili imani na desturi za Mazu mwaka 2009, haikusajili jengo. Hekalu la Meizhou lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, likajengwa upya, na ibada ikarudi kwa sababu walikuwapo watu waliojua mpangilio wake.

Tunaomba basi kibao kiwekwe Kaole, na kingine Tongoni kule Tanga penye nguzo za makaburi na vishimo vya mabakuli, kisomeke hivi: "Hapa palipachikwa mabakuli ya China. Yalifika kwa kupokezana bandari. Mabaharia wa Fujian, zilikopakiwa kauri nyingi, walimwomba Mazu, binti wa Meizhou aliyefariki mwaka 987."

Wasomaji wako,
Bagamoyo