Kinu cha dhahabu kisijengwe kando ya laga

Mhariri,

Kila dhahabu ya Turkana na Marsabit inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye usalama na mgao wa mrabaha: asilimia 70 ya serikali kuu, 20 ya kaunti, 10 ya jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2016. Ni ya maana hayo. Lakini mimi niliyewahi kulisha karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kule Migori nashangaa kwamba hatuulizi analouliza kwanza fundi yeyote wa kinu: maji ya kuchenjulia yatatoka wapi?

Jiwe likishasagwa likawa unga, unga huo hupitishwa na maji kwenye mteremko uliotandikwa magunia ili dhahabu, kwa uzito wake, inase humo. Migori mto uko karibu. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 kwa mwaka, na ile hazina ya maji ya chini ya ardhi ya Lotikipi, huku huku Turkana, iliyotangazwa kwa mbwembwe 2013 ilipopimwa baadaye ilikutwa na chumvi. Mwenye kinu atafanyaje? Atasogea kando ya laga, yaani mto wa msimu, kwa kuwa maji yapo pale chini ya mchanga.

Na ndipo kina mama wanapofukua visima vyao. Ukipita asubuhi utamkuta mmoja yumo shimoni, kichwa tu ndicho kinachoonekana, anachota kwa kikombe na kumpokeza mwenzake ajaze mtungi wa lita 20, huku mbuzi wakingoja zamu. Zebaki, ambayo wachenjuaji hutumia kushika dhahabu, ikifika hapo nani ataijua, na majini haionekani wala hainuki? Marudio nayo, yaani mchanga na tope vinavyobaki dhahabu ikishatolewa, hayatulii yalipomwagwa. Kiangazi upepo unayapeperusha, na mvua moja kubwa kule milimani inatosha laga kushuka kwa kishindo na kuyazoa yote. Mbaya zaidi ni anayenunua marudio yenye zebaki ili ayaloweke kwa kemikali ya sayanaidi apate dhahabu iliyosalia. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, ambao Kenya iliutia sahihi 2013, unataka jambo hilo likomeshwe, kwa sababu sayanaidi huiyeyusha zebaki ikasafiri na maji.

Sisemi jangwani kusichimbwe. Mgodi wa urani wa Rössing umo katika jangwa la Namib, Namibia, tangu 1976. Siku hizi hutumia maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, na yakishatumika kinuni mengi hurudishwa kazini. Wale wana mtaji, najua. Ila mabwawa mawili ya saruji ya kutuamisha tope ili maji yatumike tena, na turubai nzito chini ya marudio, si mambo ya kumshinda mtu aliyeweza kununua karasha na jenereta.

Kamati za kaunti zinazoshauri kuhusu vibali vya wachimbaji wadogo ziende zikakague mitambo hiyo kwa macho yao. Mwenye kinu aonyeshe anakotoa maji, anakoweka marudio, na umbali hadi kwenye visima vya watu. Asiyeweza kuonyesha asipewe kibali.

Mchenjuaji wa zamani,
Lodwar