Kuufunga ukurasa wa kumbukumbu si kuuzuia usihame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo moja lililoandikwa katika safu yenu ya teknolojia, ambako vijana wanaoandika programu na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa) za mfumo wa Linux walishauriwa kuifunga kumbukumbu kwa mlock, amri ya programu ya kuifungia kumbukumbu yake, kisha waikabidhi kwa kifaa bila wasiwasi. Ushauri huo una hatari, nami naijua kwa kukesha.

Mlock huahidi kwamba ukurasa, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho kwa kawaida ni baiti 4,096, hautatolewa kwenye RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) na kupelekwa diski. Haiahidi kwamba utabaki pale pale ulipo. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapotafuta nafasi pana iliyoungana, mathalani ya ukurasa mkubwa wa megabaiti 2, huzikusanya kurasa zilizotawanyika na kuzisogeza upande mmoja, na hata ule uliofungwa huweza kuhamishwa. Programu haioni badiliko lolote, kwa kuwa anwani pepe, ile ambayo programu huitumia, ni ileile, na jedwali la kurasa, linaloioanisha na anwani halisi ya mahali ndani ya RAM, limekwisha kurekebishwa. Lakini kifaa kinachoandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, kikiwa kilipewa anwani halisi ya awali, kitaendelea kuandika huko huko, mithili ya mtu anayeshusha mzigo kwenye nyumba ambayo mpangaji wake amekwisha kuhama.

Ndivyo ilivyotukuta. Kadi yetu ya kupokea vipimo ilifanya kazi vizuri asubuhi nzima, na RAM ilipobanwa jioni, bafa (sehemu ya kumbukumbu ya kupokelea vipimo) ikabaki na vipimo vya saa tisa huku data mpya ikiharibu kumbukumbu ya programu nyingine. Tuliilaumu kadi, tukabadilisha hata nyaya.

Kinachotakiwa ni kuupigilia ukurasa, au kuupini kama tusemavyo kazini. Tangu Linux 5.6 ya mwaka 2020, draiva huita amri ya kerneli iitwayo pin_user_pages, na kerneli haiuhamishi ukurasa huo mpaka amri ya kuuachia, unpin_user_pages, iitwe. Kwa ukurasa utakaoshikiliwa muda mrefu ipo alama ya FOLL_LONGTERM, inayoifanya kerneli iutoe kwanza katika eneo la kurasa zinazohamishika ndipo iupigilie. Naithamini sana busara ya utaratibu huo, maana ukurasa mmoja tu uliosahauliwa katikati ya eneo hilo hutosha kuzuia nafasi nzima ya megabaiti 2 isipatikane.

Naomba mchapishe masahihisho mapema, kabla wanafunzi hawajauiga mfano ule katika kazi zao.

Wako,
Fundi wa mifumo ya kompyuta,
Morogoro