Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: setilaiti karibu Tanga, ila rada msiizime

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Tanga. Nakuandikia kama abiria wa vindege vya Pemba, vile ambavyo kabla ya kupanda unapimwa kilo wewe na begi lako, kisha unaelekezwa pa kukaa. Vinaruka chini, na hapo ndipo ilipo hoja yangu: je, waongoza ndege watuone kwa rada, au kwa setilaiti peke yake?

Rada huona kwa mstari ulionyooka. Toka Dar es Salaam, iliko rada, hadi hapa ni kilomita 200 hivi angani, na dunia ni mviringo. Ukipiga hesabu, ndege iliyo kwetu chini ya futi 6,000 hivi inakuwa imeshazama nyuma ya upeo wa macho ya rada. Rada ya Kilimanjaro nayo iko mbali zaidi, na njiani imesimama milima ya Usambara. Ndiyo maana mtu akisema dawa ni setilaiti, simpingi haraka.

Katika mfumo wa ADS-B, ndege hujua ilipo kwa GPS, kisha hujitangaza yenyewe, kama mara mbili kila sekunde. Tangu 2019 kampuni ya Aireon hunasa matangazo hayo kwa vipokezi vilivyofungwa kwenye setilaiti 66 za Iridium, baharini na milimani sawasawa. Kwa pwani yetu hiyo ni neema.

Tatizo ni kwamba mfumo huo humjua anayepiga hodi tu. Ndege MH370 ya Malaysia, Machi 8, 2014, ikiwa na watu 239, ilipoacha kujitambulisha ilifutika kwenye skrini za waongoza ndege. Iliyoinasa ikigeuka kurudi magharibi ni rada ya jeshi, ambayo haisubiri kuambiwa: inarusha mawimbi, yanagonga bodi la ndege, yanarudi. Tena siku hizi GPS yenyewe inachezewa. Mashariki mwa Mediterania ndege zilizokuwa angani zimeonekana kana kwamba zimetua uwanja wa Beirut. Ndege ikidanganywa, nayo hutangaza uongo huohuo bila kujua, na setilaiti huupokea kama ulivyo.

Najua rada ni ghali, na Watanzania tukisikia neno hilo tunakumbuka mambo: ile ya 2001 ya pauni milioni 28 ilitufanya tujadili “chenji ya rada”, yaani fedha tuliyorudishiwa na muuzaji, miaka nenda rudi, hadi ikageuka vitabu vya shule. Isiwe sababu ya kuziacha rada zife taratibu kwa kukosa vipuri eti setilaiti zipo.

Ombi langu ni dogo. Vipokezi vya ADS-B vya ardhini havihitaji jengo kubwa wala antena ya kuzunguka. Wapenda ndege huko duniani huvifunga juu ya paa. Kama Tanga na Pemba havipo, vifungwe, na vindege vidogo navyo vilazimishwe kubeba kifaa cha kujitangaza. Halafu, kwenye hotuba yako ya bajeti ijayo, tutajie fungu la matengenezo ya rada peke yake, lisichanganywe na la mitambo mipya.

Wasalaam,
Abiria, Chumbageni, Tanga