Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo lililotukalisha jioni nyingi mwaka huu: mapafu yaliyojaa eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu.

Lilianza na kosa langu. Mama mmoja aliletwa akiwa amemeza dawa za TB kwa miezi, makohozi yake hayajawahi kuonyesha vimelea. Kwenye CT, picha ya kifua inayopigwa kwa vipande, weupe mzito ulikuwa umeng'ang'ania pembezoni, juu, mapafu yote mawili. Katikati peusi, safi. Nikaandika TB. Majibu ya damu yalikuwa ndani ya faili lilelile, eosinofili zimepanda sana, sikuyafungua. Ilikuwa nimonia sugu ya eosinofili. Alipoanza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, homa ilikata ndani ya siku chache. Miezi ile bado inaniuma.

Tangu hapo tumejifunza kutenganisha. Nimonia ya ghafla ya eosinofili huja na ukungu unaoacha mishipa ionekane, kuta nyembamba za ndani ya pafu zikiwa zimenenepa, na mara nyingi maji pande zote mbili za kifua. Muulizeni mgonjwa kama ameanza kuvuta sigara karibuni. Na msidanganywe na damu: siku za mwanzo eosinofili zake zinaweza kuwa za kawaida kabisa, jibu likapatikana kwenye maji ya kusafishia pafu, yanayoingizwa ndani na kuvutwa tena ili yapimwe. Ugonjwa ule aliouelezea daktari Löffler wa Uswisi mwaka 1932 huhama. Leo weupe uko kulia, wiki ijayo kushoto, kisha unapotea wenyewe. Mara nyingi ni viluwiluwi vya minyoo ya tumbo vinavyopita kwenye mapafu.

Sisi wa Pwani tuna la ziada. Minyoo ya matende na mabusha inaweza kuleta kikohozi cha usiku na vinundu vidogo vilivyotapakaa, vinavyofanana mno na TB iliyosambaa. Hapo eosinofili huvuka 3,000 kwa kila mikrolita ya damu.

Ombi langu kwa madaktari wanaotuletea wagonjwa: andikeni idadi ya eosinofili kwenye fomu. Na kabla ya prednisoloni, mnyoo aitwaye strongiloidi atafutwe, maana dawa hiyo inaweza kumwachia mnyoo huyo asambae mwili mzima na kuua.

Kikao cha kusoma picha ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Leteni na zile mlizokosea. Ya mama yule itatangulia.