Mafundi Wapime Kabla ya Kubadilisha Vipuri

Mhariri,

Gari langu la petroli lilikuwa likiwaka vizuri asubuhi, lakini nikilizima baada ya mwendo wa dakika tano tu na kuliwasha tena, liliwaka kwa tabu, likitetemeka na kutoa moshi mweusi. Fundi wa kwanza aliniuzia betri mpya, ingawa starta ilizungusha injini kwa nguvu zote. Wa pili alifungua plagi za kuwashia mafuta ndani ya injini, akazikuta zimejaa masizi makavu, dalili ya mafuta kuzidi, ndipo akapima sensa ya joto la maji, ambayo ukinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, hupaswa kushuka injini inapopata moto, lakini haukusogea. Kompyuta ya gari ikadhani injini ni ya baridi na kuzidisha mafuta. Naomba mafundi waanze kwa kupima namna hiyo. Betri yangu ya zamani, isiyo na kosa, sikurudishiwa.

Msomaji wenu,
Morogoro