Kuhusu ugonjwa wa mdogo wako

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mama pole zangu. Barua yako imenihuzunisha, hasa pale unapojilaumu kwamba ulimhimiza mdogo wako aendelee kumeza dawa za vidonda vya tumbo, kumbe ni saratani ya utumbo mwembamba. Nakuomba ujiondolee lawama hiyo. Utumbo huo ni takriban robo tatu ya urefu wa njia yote ya chakula, lakini saratani zake hazifiki asilimia 5 ya saratani za njia hiyo, na wengi wanaougua ni watu wa makamo na wazee. Kijana wa miaka 28 ambaye tumbo linamuuma na kuacha, na ambaye damu yake inapungua kila akipimwa, hupewa dawa za minyoo, za vidonda na za kuongeza damu kabla ya yeyote kuwaza saratani. Hata kipimo cha kamera kilichowapa matumaini hakikukosea: kamera ya mdomoni kwa kawaida huishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ile ya njia ya haja kubwa huona utumbo mpana na ncha tu ya huo mwembamba, na uvimbe wake ulikuwa katikati.

Sasa kwa kuwa ameshapasuliwa na mnasubiri tiba ya kemikali, lipo jambo ninalotamani mlifuatilie bila kuchelewa. Marehemu baba yenu aliugua saratani ya utumbo mpana akiwa bado hajatimiza miaka 50, na shangazi yenu aliondolewa kizazi kwa sababu ya saratani. Historia hiyo, pamoja na ugonjwa huu wa nadra kwa kijana, yatosha kumuuliza daktari kuhusu hitilafu ya kurithi iitwayo Lynch, inayozifanya seli zishindwe kurekebisha makosa ya vinasaba, na hivyo kuongeza hatari ya saratani za utumbo na za kizazi katika ukoo. Kinyama kilichotolewa huhifadhiwa maabara ndani ya nta, kwa hiyo kinaweza kupimwa bila kumkata tena. Hitilafu ikionekana, huenda akafaa kupewa dawa za kuamsha kinga ya mwili, ambazo, sikufichi, ni ghali mno. Na ikithibitika kwamba ameirithi, wewe na ndugu zako kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuwa nayo. Atakayekutwa nayo atahitaji kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, ili vinyama vinavyoota viondolewe kabla havijageuka saratani.

Siku ya kliniki chukua nakala ya majibu ya maabara, na unijulishe mapema ili tufuatane.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.